Mkwe Kiti cha Mbele

Kama kuna maneno yaliyokuwa yakimkera Dionisi kuliko mbu wa bonde la Kilombero, ni haya: "Aa, wewe kazi yako kukaa tu, ndege inajiendesha yenyewe." Aliambiwa sokoni Ifakara akinunua kambale. Aliambiwa kwa kinyozi, wembe ukiwa shingoni, mahali ambapo mtu hawezi hata kubisha. Aliambiwa na padri, tena siku ya kipaimara. Ukiuliza habari hizo zimetoka wapi, wote walimtaja Gaudensi, karani wa bohari ya dawa, ambaye alipanda ndege ile mara moja tu maishani mwake, akamwona Dionisi ameachia usukani anamenya chungwa. Basi. Gaudensi alishuka na hadithi ya kusimulia mwaka mzima.

Chungwa alimenya kweli, hilo hakulikataa. Lakini Gaudensi hakusimulia jinsi macho ya rubani yalivyokuwa yakiruka kutoka kwenye chungwa kwenda kwenye saa za vipimo mbele yake na kurudi, wala hakusimulia kwamba nusu ya chungwa lile iliishia miguuni, kwa sababu ndege ilianza kuvuta kushoto kama ng'ombe aliyeona shamba la mpunga halina mlinzi.

Ndege yenyewe ilikuwa Sesna ya injini moja, mali ya shirika dogo la afya lililokuwa likipeleka dawa na chanjo kwenye zahanati ambazo masika huzigeuza kuwa visiwa. Ilikuja ikiwa imekwisha kutumiwa na watu wengine nchi nyingine, na ndani yake ilikuwamo otopailoti, yaani mashine ya kumshikia rubani usukani, iliyotengenezwa wakati Dionisi bado anachunga mbuzi wa babu yake huko Mahenge. Na yeye hakufika kwenye kiti kile kwa njia fupi. Alianza seminari, akaacha. Akaingia gereji ya kiwanda cha sukari, akajifunza injini mpaka kucha zikagoma kutakata. Kisha bahati ikamwangukia, akapata nafasi ya kusomea urubani Soroti, Uganda. Soroti walimfundisha otopailoti mpya mpya. Hii hawakumfundisha.

Hii ilijua mambo mawili tu. Kwanza, kuyaweka mabawa sawa. Pili, kufuata kidole chekundu kilichokuwa kwenye saa ya dira. Unazungusha kitufe, unakielekeza kidole unakotaka kwenda, unawasha swichi, nayo inageuza ndege polepole mpaka pua ielekee kidole kilipo. Kimo haikijui; upae au ushuke, shauri yako. Mlima haiujui. Saa yenyewe ya dira ilikuwa ikipotea kidogo kidogo, kama mzee anayesinzia katikati ya mahubiri, ikabidi uiamshe kila mara kwa kutazama dira ya maji iliyoning'inia kiooni. Kubwa kuliko yote, mashine haikuuliza swali. Kidole kikielekea kuzimu itakupeleka kuzimu, taratibu, bila hata kukumwagia chai.

"Hivi ni fundi gani aliyeiweka upande wa abiria?" Dionisi alimuuliza William, fundi wa ndege wa Dar es Salaam, kwa sababu saa ile ya dira, kitufe na swichi, vyote vilikaa kulia, chini, jirani na magoti ya mtu wa kiti cha mbele.

"Kaka, hapo ndipo palipokuwa na nafasi."

"Na vipuri?"

"Vipuri vya hii kaulize makumbusho."

Basi akaishi nayo hivyo hivyo, kama mtu anavyoishi na shemeji mkorofi. Alikuwa akiitukana asubuhi na kuiwasha mchana, maana ukiwa peke yako ndani ya wingu, huku redio inakuita na kioo kimeingia ukungu, mkono wa tatu ni mkono wa tatu, hata kama umepooza.

Sasa tumlete mama mkwe.

Mkewe Dionisi, Konsolata, alikuwa binti wa Malinyi, ng'ambo ya mto, upande wa Ulanga. Mama yake aliitwa Odilia, mkulima wa mpunga, mwanamke wa mikono mizito na maneno machache. Na nyumbani kwao desturi ya ukwe haikuwa mchezo. Mwanamume hampi mama mkwe mkono, hamtazami usoni, haketi naye benchi moja. Mkikutana njiani, wewe unaingia majanini ukalowe umande, yeye apite. Mkiwa na jambo, mnamweka mtu katikati: "Mwambie mkwe hivi," "Mwambie mama vile," hata kama mnasikiana vizuri kabisa. Miaka yote ya ndoa, kitu ambacho Dionisi alikijua vizuri kwa mama mkwe wake ni visigino.

Ikafika masika ya mwaka tisini na nane, zile mvua za Elnino. Mto Kilombero ulipasuka kingo, ukalala juu ya mashamba kama umefika kwake. Pantoni ikasimamishwa. Na wakati huohuo Konsolata alikuwa wodini Ifakara, mimba imefika mwisho wake. Mbili zilikuwa zimetangulia, na mara zote mbili nyumba ilibaki kimya. Kwa hiyo hii ya tatu hata majirani hawakuthubutu kuitaja kwa sauti.

Asubuhi moja muuguzi Ursula akamfuata Dionisi kiwanjani kwa baiskeli, gauni jeupe limejaa matope mpaka magotini.

"Shemeji, mtoto amekaa vibaya. Daktari anataka kupasua leo, isifike jioni. Mkeo hataki."

"Hataki vipi?"

"Amesema, nanukuu, 'Siingii humo mpaka mama anishike mkono.' Nimembembeleza, daktari amembembeleza, katekista amembembeleza. Ameshika kitanda."

"Mama yake yuko Malinyi!"

"Ndiyo maana nimekufuata wewe. Au siku hizi unauza nyanya?"

Bahati, siku hiyo ndege ilikuwa inakwenda hukohuko na maboksi ya dripu. Viti vya nyuma vilikuwa vimeng'olewa ili mizigo ipate nafasi. Dionisi akaomba parokia ya Malinyi iambiwe kwa redio ya upepo: Mama Odilia afike kiwanjani, bintiye anajifungua. Hayo tu. Ndege ikapaa, akaelekeza kidole chekundu kusini-magharibi, akawasha, akafika salama. Ni wakati wa kushusha boksi la mwisho ndipo akili yake ilipopiga hesabu ambayo moyo ulikuwa umekataa kuipiga njia nzima. Viti vya nyuma havipo. Kilichobaki ni kiti cha mbele. Mama mkwe atakaa bega kwa bega na yeye, na hakuna mtu wa katikati.

Mama Odilia alikuwa tayari kando ya kiwanja, kanga mbili mwilini, na kuku mweupe kwapani wa kumchemshia mzazi supu. Alipokiona kiti, akasimama.

"Nazari," alimwambia katekista wa Malinyi aliyemleta kwa baiskeli, "muulize huyo, mimi nakaa wapi?"

Nazari akamgeukia Dionisi, aliyekuwa anatazama tairi. "Anauliza anakaa wapi."

"Mwambie mama, hapo hapo."

"Anasema hapo hapo."

"Mwambie sikai."

Walibishana hivyo, ujumbe ukipita kwa Nazari kama mpira, huku mawingu yakishuka. Mwishowe Nazari akachoka. "Mama, mwanao anakusubiri. Utakuwa umepakatwa na kiti, siyo na mkwe." Akampandisha, akamfunga mkanda, akabamiza mlango. Akabamiza na pindo la kanga pia, likabaki nje.

Wakapaa. Dionisi alikuwa amegeuza uso kushoto kiasi kwamba shingo ilimuuma. Wingu likawameza mara moja, kioo kikaingia ukungu kutokana na kanga mbichi na pumzi za watu wawili na kuku. Akahitaji mkono wa tatu. Akasema moyoni, samahani mama, akapeleka mkono wa kulia chini akipapasa swichi bila kutazama, kama mtu anayetafuta kiberiti gizani. Ikalia ta! Na hapohapo magoti ya mama mkwe yakaruka kama yameguswa na kaa la moto.

"Kuku!" akasema Mama Odilia. "Umeona aliyoyafanya?"

Dionisi aliapa kwamba mkono wake hautavuka tena upande ule hata mbingu zifunguke. Macho yake nayo hayakuvuka. Na huko yasikovuka ndiko kulikokuwa na saa ya dira, na kidole chekundu bado kinaelekea palepale alipokiacha asubuhi. Malinyi.

Mashine haikuuliza swali. Ikaanza kugeuza ndege, taratibu, kwa adabu zote.

Ingekuwa siku nyingine angeligundua mara moja. Lakini mlango ulianza kulia. Upepo ulipenya penye pindo, ukawa unavuma kama mtu anapuliza chupa, na kanga huko nje inapiga bati, pa-pa-pa-pa.

"Kuku," akasema Mama Odilia, sauti imekauka, "muulize, ndege inapasuka?"

Dionisi akatafuta mtu wa katikati upande wake. Hakuwa naye. Akapiga dashibodi kiganja. "Otopailoti, mwambie mama haipasuki. Ni mlango. Avute kile kipini, afungue kidogo, aingize kanga, afunge."

"Kuku, mwambie mimi mlango wa angani sifungui."

"Otopailoti, mwambie kidogo tu! Upepo wenyewe utausukuma!"

"Kuku, mwambie kanga yangu ibaki huko huko, nitanunua nyingine."

"Mwambie sasa kama ibaki, asilalamike kelele!"

"Nani amelalamika? Kuku, wewe umelalamika?"

Wakiwa kwenye mazungumzo hayo, wingu likatoboka chini yao. Paa jekundu la kanisa. Uwanja wa shule umejaa maji. Na kando ya kiwanja cha ndege, mtu na baiskeli, kaweka mkono kwenye paji la uso anatazama juu.

"Kuku," Mama Odilia akasema polepole sana. "Yule si Nazari?"

Dionisi akatazama. Alikuwa Nazari.

Sijui kama mmewahi kuona mtu anatukana kimyakimya, midomo tu inacheza. Alitukana mashine, akamtukana aliyeiunda, akamtukana fundi aliyeona nafasi upande wa kulia. Akajitukana na mwenyewe, kwa Kipogoro, maana Kiswahili kilikuwa hakitoshi. Kisha akaushika usukani kuirudisha ndege. Otopailoti ikakataa. Ilikuwa imekwisha kupata kidole chake, nayo ilikuwa mwaminifu; kila akivuta kulia, yenyewe inarudisha.

Na usukani wa pili, ule wa mbele ya abiria, ukawa unatikisika peke yake. Mama Odilia aliutazama. Aliona kitu ambacho mtu yeyote mwenye akili angeona: usukani hauna mwenyewe. Akamweka kuku mapajani, akaushika kwa mikono yote miwili, mikono ile ya kulima mpunga, akaukaza.

Usukani mmoja, wenyewe watatu. Mmoja anataka Ifakara, mmoja anataka Malinyi, mmoja anataka ndege isimame hapohapo ilipo. Ndege ikaanza kutikisa mabawa kama bata aliyetoka majini.

"Otopailoti! Mwambie mama aachie usukani!"

"Kuku! Mwambie niliona basi limeachiwa usukani, liliishia mtoni!"

"Mwambie nimeushika mimi!"

"Mwambie kama ameushika mbona amenirudisha nyumbani? Nilisema tangu siku ya mahari, mtu wa kuishi hewani huyo ataoaje? Hataki nimwone mwanangu. Ananizungusha, kisha atasema mvua."

Hapo Dionisi akainua macho. Mbele yao, upande wa Ifakara, mvua ilikuwa imesimama kama ukuta, na kushoto Udzungwa yote imejificha ndani ya wingu. Muda mfupi uliopita mzunguko ule wa kijinga wa otopailoti ulikuwa umewapitisha upande huo huo wa milima, na yeye akiwa anajadiliana na kuku. Muda ulikuwa unakwenda. Mama asipoachia usukani, ingempasa kushuka Malinyi, aanze upya, na pengine mvua imfungie hapo. Na Konsolata ameshika kitanda.

Akasema, na sauti haikuwa ya rubani tena, "Mwambie mama kwamba mtoto amekaa vibaya. Daktari anataka kumpasua Konsolata, naye amekataa. Amesema haingii humo mpaka mama yake amshike mkono. Ndiyo maana nimekuja. Mwambie sitaki kumzika Konsolata kwa sababu ya mlango."

Upepo ukavuma. Kanga ikapiga bati.

"Konsolata alisema hivyo?"

Hakumsemesha kuku. Dionisi alijua, maana sauti ilimfika moja kwa moja sikioni.

"Ndiyo, mama."

"Mimi niliambiwa anajifungua. Nikadhani mnataka mtu wa kupika."

Akauachia usukani. Akafungua ile kanga ya juu, akajitanda kichwani mpaka kifuani, uso wote ndani, kuku ndani. Akayavuta magoti pembeni mpaka ukutani.

"Haya, baba," sauti ikatoka kwenye kanga. "Mimi sipo. Mkwe wako hayupo humu. Fanya kazi yako."

Dionisi akapeleka mkono, na safari hii akapeleka na macho. Akazima swichi. Usukani ukawa mwepesi ghafla, wa mtu mmoja. Akaigeuza ndege kwa mkono, akasahihisha saa ya dira kwa dira ya maji, akatafuta mto chini ya wingu, akaufuata. Otopailoti hakuiwasha tena. Kioo kilipojaa ukungu, mkono ukatoka kwenye kanga, ukapapasa, ukafuta.

"Hapo?"

"Juu kidogo, mama."

"Hapo?"

"Hapohapo."

Na kwa kuwa hakuwapo, wakaongea. Walivuka mabwawa, walipita karibu na Lupiro, na muda wote mwanamke ambaye Dionisi alimjua visigino tu alikuwa anamuuliza mambo. Konsolata anakula? Analala ubavu gani? Halafu: "Na wale wawili. Alilia, au alikaa kimya?"

"Alikaa kimya."

"Ndiyo mbaya hiyo. Na wewe?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Dionisi swali hilo, si padri, si William, si Gaudensi na mdomo wake. "Mimi nilikwenda kuosha ndege," akasema.

"Hm," kanga ikasema. Baadaye kidogo: "Leo usioshe."

Wakatua Ifakara katikati ya mvua, maji yanaruka pande zote mbili. Injini ilipozima tu, Mama Odilia akajifunua, akatazama upande mwingine kabisa, akashuka bila kuaga. Ursula alikuwa amekuja na gari la hospitali. Dionisi alikimbia nyuma ya gari mpaka mlangoni mwa wodi, na hapo breki zikamshika zenyewe. Mama mkwe yumo ndani. Chumba ni kimoja. Yeye anaingiaje?

Akabaki nje, kwenye baraza, analowa upande mmoja. Alisikia sauti ya Konsolata, "Mama!" kisha magurudumu ya kitanda. Kisha kimya, na ukimya wa hospitali alikuwa anaujua. Akatembea mpaka mwisho wa baraza, akarudi, akatembea tena. Mkono wake ulikuwa unatafuta kitambaa cha kufutia ndege bila yeye kujua. Akauingiza mfukoni, akaufungia humo.

Mtoto alilia. Alilia kwa hasira, kama mtu aliyeamshwa kwa makosa. Ursula akatoa kichwa mlangoni. "Msichana. Wote wawili wazima. Mkeo anauliza kama kuna uji. Unalia nini sasa?"

Kesho yake Dionisi alizunguka nyuma ya wodi, akapanda juu ya tofali, akachungulia dirishani. Konsolata alikuwa amelala chali, uso umemvimba, mtoto kifuani. Alimwona, akatabasamu, kisha akakunja uso.

"Mama anasema ulitaka kumrudisha Malinyi."

"Konsolata, nisikilize. Kuna kidole chekundu..."

"Anasema mlifika mpaka juu ya kanisa. Nazari akawapungia."

"Hakupunga! Alikuwa ameshangaa! Sasa hii habari ameisimulia kwa nani?"

"Wodi nzima. Na Gaudensi alikuja kunipa pole." Akashika tumbo. "Usinichekeshe, mshono unauma."

"Sicheki mimi!"

"Ndiyo unanichekesha."

Mvua ikaanza tena, mfereji wa bati ukamiminikia shingoni mwake. Konsolata akamwinua mtoto kidogo, kichwa chake chenye nywele za kulowa kikaelekea dirishani.

"Ingia basi umshike, unalowa."

"Mama yupo?"

Konsolata akatazama pembeni ya kitanda. "Yupo. Anamnywesha mgonjwa mwenzangu maji."

"Basi acha nilowe," Dionisi akasema, akapanda tofali la pili ili amwone mtoto vizuri.